Shingo ya Msichana wa Plastiki

Sikujua kwamba hapa duniani kuna watu wazima, wenye ndevu zao na kazi zao za ofisini, wanaonunua wanasesere, wakawapanga kwenye kabati la kioo na kumkaripia mtoto yeyote anayetaka kuwagusa. Binti yangu ndiye aliyeniambia. Nilimtazama machoni kuona kama ananitania, nikaona hatanii. Nikamwambia basi dunia imefika mwisho, tufunge biashara twende tukatubu.

Biashara yenyewe ni ya vitu vya chagua, pale sokoni Rumonge. Ni vile vitu vilivyotumika kwa wenyewe huko mbali, vikafungwa kwenye mabalo makubwa, vikapanda meli na malori mpaka vikatufikia. Wenzangu wengi wanauza nguo. Mimi nauza vitu vya watoto: mabegi ya shule, viatu, dubu wa manyoya, magari yaliyopoteza gurudumu. Balo halifunguliwi kabla ya kununuliwa. Unalichukua lilivyo, unalifungulia kwako, ndipo unajua kama Mungu amekuonea huruma au amekuacha ujifunze. Nimewahi kukuta meno ya bandia ndani ya kiatu cha mtoto. Kwa hiyo nilidhani nimeshashangaa vya kutosha katika maisha yangu.

Siku ile, katikati ya balo la dubu, nilikuta kartoni ndogo yenye dirisha la plastiki mbele. Ndani alisimama msichana wa plastiki mwenye urefu wa kiganja, nywele za buluu, upanga mkononi, na sketi fupi kuliko adabu. Macho yake yalikuwa makubwa mno kwa uso ule. Pembeni yake palikuwa na mikono ya ziada, imepangwa kwenye vishimo vyake kama mayai. Mikono ya ziada! Nilisema moyoni, huyu aliyemtengeneza alijua kwamba atapigana sana. Nilimweka pembeni nimpe mteja wa kwanza atakayenunua begi, iwe nyongeza.

Mchana binti yangu aliniletea chakula, akaiona ile kartoni, akapiga ukelele. Mama anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, meza ya pili aliruka na ndoo yake akidhani kuna nyoka.

"Mama, usiuze! Usiguse! Nani ameishika?"

"Mimi nimeishika. Kwani ina umeme?"

Binti yangu alikuwa amemaliza shule ya sekondari, akawa amekaa nyumbani kama wengine. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwamsha asubuhi, nacho ni kuchora. Alichora zile katuni za Kijapani anazotazama kwenye simu, akazichora nyuma ya karatasi zake za mtihani, kwa kalamu ya buluu ya shule, na mimi nisiyejua kuchora hata kuku niliona kwamba mkono wake si wa mchezo. Kulikuwa na vijana huko Bujumbura wanaotengeneza katuni. Walikuwa wameziona picha zake, wakamwambia watamchukua afanye kazi nao, ila wao hawachori kwenye karatasi. Lazima awe na tableti ya kuchorea, ile yenye kalamu yake. Sisi hatukuwa nayo, wala hatukuwa na njia ya kuipata. Tangu siku hiyo alikuwa ananyamaza mezani, na ukimya wa binti mwenye maneno mengi ni kitu kibaya sana ndani ya nyumba.

Sasa alikuwa ameshika kartoni ile kwa vidole viwili. Alinieleza kwamba kuna kijana mwingine Bujumbura, anayemjua kwa simu tu, mtu wa ofisini, anayekusanya wasichana na wavulana hawa wa plastiki, na alikuwa na tableti asiyoitumia tena kwa sababu amepata mpya. Alituma picha palepale sokoni. Jibu lilirudi kabla sijamaliza kula. Kijana alisema kama huyo msichana ni wa kweli, amemtafuta kwa muda mrefu, na yuko tayari kubadilishana: msichana kwa tableti. Lakini picha inadanganya. Atakuja Rumonge mwenyewe kumkagua.

"Wa kweli?" nikauliza. "Kuna mwanasesere wa uongo?"

Hapo ndipo nilipofundishwa na mtoto niliyemzaa. Jioni alikaa mlangoni penye mwanga, akaniambia kwamba hata wanasesere wanaigwa. Wapo wanaokaa kiwandani wakitengeneza wa bandia, wakiwapaka rangi ileile. Ukitaka kujua, tazama kope za macho: wa kweli zimechorwa kwa mstari safi, wa bandia zimevuja. Tazama pale nusu mbili za mwili zinapokutana. Kwa wa bandia utaona mshono. Nusa. Wa bandia ananuka kama kandambili mpya. Kunja goti uone kama linabaki pale ulipoliacha. Nilinusa. Niliposhika goti nikalikunja na likabaki limekunjwa, nilishtuka kama niliyegusa mtu.

Lakini nyumba yetu ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Ni mama yangu, ambaye binti yangu anamwita Bibi na mtaa mzima unamwita Bibi. Nyumba ni yake, na sheria ni zake. Kwa mama yangu picha ya kiumbe hai haikai ukutani. Kalenda yenye watu inageuzwa. Kopo la biskuti lenye mwanamke anayecheka linatazama ukuta. Anasema penye sanamu malaika hawaingii, na yeye ni mzee, anawahitaji malaika kuliko sisi. Biashara yangu ya dubu alishaipatia ufumbuzi wake zamani: mwanasesere wa kuburutwa na mtoto hana neno, lakini wa kusimamishwa mahali akatazamwa, huyo ni sanamu.

Alimwona yule msichana kwenye rafu siku ileile.

"Hii nini?"

"Ya mutoto, Mama. Itakaa siku chache tu."

"Na hizo siku chache malaika watalala wapi? Kwa jirani?"

Hatukumwambia habari ya kubadilishana. Tungemwambia, angetusomea somo kuanzia adhuhuri mpaka alasiri kuhusu kufanya biashara ya masanamu. Tuliona tunyamaze, kijana aje, msichana aende zake, nyumba isafike.

Siku moja kabla ya kijana kufika, mchana, binti yangu alikuwa anamkagua tena. Nadhani alishamkagua mpaka akamchosha. Ghafla akaona chini ya kwapa alama ndogo, mstari mwembamba kama unywele. Mshono. Akaanza kulia. Si machozi ya kupangusa, la, alilia kwa sauti, kichwa kwenye magoti. Alikuwa na uhakika sasa kwamba ni wa bandia, kijana atacheka, tableti itarudi Bujumbura, na yeye atazeeka Rumonge akichora nyuma ya karatasi za mtihani.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia kwa ukali, "Acha kulia! Iko ya kweli, iko ya bandia, kesho inaondoka humu ndani, basi."

Mama yangu alikuwa uani anachambua mbegu za mawese alizoletewa kutoka shamba letu la Kizuka. Alisikia kilio, akasikia maneno yangu. Hakusema kitu. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, maana mama yangu hajawahi kusikia jambo akaliacha bila kulitia neno. Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hasikii wengine wanaponyamaza.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Nilisimama kwenye ukuta nikamgombeza jirani yangu anayechemsha mawese, nikimwambia asitie mifuko motoni, tutakufa. Naye akanijibu kwamba moto wake una makapi tu, nikanuse kwangu. Tulirushiana maneno mpaka nikaona aibu.

Kijana alifika kabla ya jua kuwa kali. Alikuwa mpole, shati limepigwa pasi, na alitusalimia kwa heshima.

"Amahoro, mama."

"Amahoro. Karibu. Safari ilikuwa muzuri?"

Nilimkalisha sebuleni. Majirani walikwishapita mara kadhaa mbele ya mlango kuona mkwe mpya. Yeye alifungua begi lake jeusi, akatoa tableti akaiweka magotini, nyembamba, inang'aa, na kalamu yake pembeni. Niliona jicho la binti yangu likiifuata. Kisha akatoa glavu nyeupe za pamba akazivaa. Glavu! Nilijifungua mtoto huyu kwenye hospitali ambayo mkunga alinipokea kwa mikono mitupu, na huyu anavaa glavu kumshika mwanasesere. 

Alikuwa amekuja na mwanasesere wake mwingine wa kulinganisha, mvulana mwenye koti refu, wa kiwanda kilekile. Akatuambia kope zinaigwa siku hizi, rangi inaigwa, hata kartoni inaigwa. Mshono chini ya kwapa si neno, hata wa kweli wanao. Binti yangu alishusha pumzi kwa nguvu hadi nikamsikia. Kuna mahali pamoja tu, alisema kijana, ambapo wanaoiga hawajawahi kupaweza. Akamshika yule mvulana kichwa kwa vidole viwili, akakivuta.

Kichwa kikatoka.

Nilipiga kelele. "Umemuua!"

Kijana alicheka. Alikuwa ameshika kichwa mkono huu na mwili mkono huu, hakuna kilichovunjika. "Hapana, mama. Viko hivyo. Kichwa kinachomoka, unakiweka kingine, unakirudisha." Akakirudisha: tak. Akakichomoa tena, akatuonyesha shingoni kijiti chenye kichwa cha mviringo kama cha njiti ya kibiriti, na juu yake chapa ndogo sana ya kiwanda. Hapo, alisema, ndipo panaposema ukweli. Mengine yote ni maneno.

Binti yangu aliduwaa. Siku zote hizo hakuthubutu kuvuta kitu chochote kwa nguvu, akiogopa kuvunja. Aliingia chumbani anaenda karibu na kukimbia, akatoka na kartoni, akaiweka mezani mbele ya kijana, akaifungua.

Msichana hakuwa na kichwa.

Sijui nieleze vipi. Alikuwa amesimama vilevile kwenye kishimo chake, upanga mkononi, sketi yake, goti lake, na juu ya mabega hapakuwa na kitu. Shingo ilikuwa imekatwa sawasawa, kwa subira, kama anavyokatwa mukeke na mtu anayejua samaki. Kijiti kile cha mviringo, kile chenye chapa, kilikuwa kimekwenda pamoja na kichwa.   Kijana alivua glavu moja, sijui kwa nini, akaivaa tena.

Wakati huohuo mama yangu aliingia na sinia la chai. Aliiona kartoni imefunguliwa, na uso wake ukachanua. Sijamwona mama yangu akiwa na uso ule tangu binti yangu alipozaliwa.

"Mumeona?" akasema. "Nimeitengeneza."

"Umeitengeneza, Mama?"

Akaweka sinia, akamgeukia mjukuu wake, sauti laini kama ya mtu anayetoa zawadi. "Jana nilikusikia unalia. Mama yako anasema kesho inaondoka. Nikasema hapana, mutoto hatalia sababu ya mimi. Kitu kisichokuwa na kichwa si sanamu tena. Iko kama muti tu. Sasa inaweza kukaa. Malaika wataingia, na wewe utabaki na kitu yako."

"Na kichwa, Bibi?" Hilo lilikuwa swali la binti yangu, sauti yake kama inatoka chumba cha pili.

"Nilitia mu moto. Harufu mbaya!" Akacheka. "Shingo yenyewe ngumu. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, lakini nilikwenda polepole, nisiharibu nguo yake."

Nilisimama. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nilitaka kumwambia kwamba kile kichwa kilikuwa kinachomoka chenyewe, kwa vidole viwili, tak, na kurudi. Kwamba amechoma kwenye jiko kazi ya mjukuu wake. Maneno yalikuwa mdomoni yanasukumana.

Kijana alikuwa amemchukua yule msichana, anampima kiganjani, anakunja magoti, anatazama chini ya nyayo, anapitisha kidole kwenye mabega. Alitikisa kichwa taratibu. Akamwambia binti yangu kwa Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha sokoni lakini hayo niliyaelewa: alikuwa wa kweli. Hana shaka. Uzito, viungo, rangi, vyote ni vya kweli. Sasa, bila kichwa, hawezi kumtolea tableti ile. Lakini mwili bado unafaa, mikono inafaa, upanga unafaa. Nyumbani ana tableti nyingine ya zamani, kioo chake kimepasuka pembeni, ila inachora. Anaweza kuituma wiki ijayo, yeye aondoke na mwili leo.

Nikashukuru Mungu. Kioo kilichopasuka kina neno gani? Mbona simu yangu imepasuka na ninapiga?

Mama yangu, ambaye Kifaransa hakijui kabisa, alikuwa anawatazama kwa zamu, anatabasamu. "Anasema nini?"

Binti yangu alimjibu kijana kwanza, kwa Kifaransa, polepole, akiangalia chai yake badala ya uso. Alimwomba asimwambie Bibi. Kisha akamshukuru, akasema hapana, mwili hatoi.

Halafu akamgeukia bibi yake. "Anasema umekata muzuri, Bibi. Hii ni kitu ya kuchezea tu, haikuharibika. Itakaa na mimi."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kuona shingo. Mtoto aliyelia jana kwa sababu ya mstari wa unywele, leo amekatiwa kila kitu na macho yake ni makavu. Nilitaka kumzaba kofi, nasema ukweli. Kijana naye, Mungu ambariki, alishika kikombe chake akanywa chai, akasifu mandazi, akamshukuru mama yangu, "murakoze, Bibi", akairudisha tableti begini. Zipu ya lile begi ilifungwa kwa sauti ndefu. Akaondoka.

Nilimvuta binti yangu uani. "Una wazimu? Amekupa nafasi ya pili, wewe unakataa! Bibi tungemwambia lolote!"

"Mama, umeona uso wake?"

"Nimeuona. Na wewe umeona tableti?"

"Bibi hajawahi kuacha kitu kama hiki kikae humu. Kwa mimi ameacha. Nikitoa leo mbele yake, nitakuwa nimemwambia nini?" Hapo ndipo machozi yalipomtoka, lakini bila sauti, uso umegeukia ukuta ili asisikike ndani.  Nilimshika bega, na mimi si mtu wa kushika mabega.

Tuliporudi ndani, mama yangu alikuwa amemsimamisha msichana juu ya rafu, amemfunga kipande cha kitenge kifuani, kwa sababu, alisema, hata bila kichwa iko mutoto wa kike. Alikuwa amekaa kitandani kwake na kitambaa cheupe mapajani, kimekunjwa sana, kimekuwa rangi ya chai kwenye mikunjo.

"Njooni," akasema. "Nilidhani mutanicheka. Lakini mutoto ameelewa, na wewe utaelewa."

Baba yangu alikufa kabla sijajua kutembea. Sikuwahi kuona picha yake. Nikiwa mdogo niliuliza, nikaambiwa kwamba hakuna, na kwa nyumba ile jibu lilikuwa na maana, nikaacha kuuliza. Nilizeeka nikiwauliza watu wengine tu: alikuwa mrefu? Mweusi? Alicheka vipi?

Mama yangu alifungua kitambaa. Ilikuwa picha ya karatasi ngumu. Mwanamume amesimama mbele ya mlango wa nyumba hii hii, kanzu nyeupe, mikono mikubwa, mguu mmoja mbele kidogo kama anayetaka kutoka kwenye picha aende kazini. Juu ya kola ya kanzu palikuwa na tundu. Limekatwa kwa wembe, mviringo, kwa subira ileile.

"Alipokufa wazee walisema niichome picha yake," mama yangu akasema. "Nilishindwa. Nikamukata kichwa ili nikae naye. Analala chini ya muto wangu miaka yote."

 Nilipitisha kidole ukingoni mwa lile tundu, nikaona upande wa pili ngozi ya kiganja changu mwenyewe.

Mikono ile mikubwa ilikuwa imebeba kitu kilichofungwa kwa khanga, kimeegemezwa kifuani. Mtoto mchanga. Naye alikuwa na tundu, dogo, mviringo.

"Na huyo," mama yangu akasema, "ni wewe."